Kibaraza cha Misimu Mitatu huko Minnesota: Uchambuzi wa Kisa cha Deki Iliyotakiwa Kuwa Chumba

Nyumba inayozungumziwa hapa iko Brooklyn Park, mji ulio kaskazini-magharibi mwa Minneapolis katika jimbo la Minnesota, ambako Wakenya wengi, hasa wenye asili ya Kisii, wamefanya makazi yao. Ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa mtindo uliokuwa umeenea huko wakati huo: ukifungua mlango wa mbele unakutana na ngazi mbili, moja ikipanda nusu ghorofa kwenda sebuleni, jikoni na kwenye vyumba vya kulala, na nyingine ikishuka nusu ghorofa kwenda chini, ambako nusu ya ukuta imo ardhini. Nyuma ya nyumba, upande wa magharibi, kulikuwa na deki ya mbao, yaani jukwaa lisilo na paa lililoshikanishwa na ukuta wa nyumba, iliyojengwa na mwenye nyumba wa awali mwaka 1996. Ilienda futi 14 kandokando ya ukuta na futi 12 kutoka ukutani kuelekea uwanjani, nayo ilikuwa imeinuka futi tano hivi juu ya ardhi.

Familia ilitaka deki hiyo iezekwe, izungushiwe madirisha na igeuzwe kuwa kile ambacho wenyeji wa huko hukiita kibaraza cha misimu mitatu, yaani chumba kisicho na joto la tanuru, kinachokaliwa tangu majani yanapochipua hadi yanapopukutika, kisha kufungwa wakati wote wa theluji. Sababu yao ilikuwa moja na ya wazi. Mama mzazi wa mwenye nyumba huja kutoka Kisii kwa viza ya matembezi, ambayo kwa kawaida humpa mgeni hadi miezi sita ya kukaa, naye hupendelea kufika Mei na kuondoka kabla ya Novemba. Ni mtu aliyezoea kushinda nje. Hapo Brooklyn Park, Juni ikiingia mbu humfukuza jioni, mchana wa Julai jua la magharibi humwangukia usoni, na mvua ya radi ikinyesha hukimbilia ndani, basi miezi yake mingi huishia kwenye kochi la sebuleni mbele ya televisheni asiyoipenda.

Makandarasi wawili walialikwa. Wa kwanza alipima, akapiga picha, akasema kwamba angesimamisha nguzo juu ya deki ileile, angeweka paa na madirisha, na kazi ingekwisha kabla ya mwezi kutimia. Wa pili aliomba sepeto. Alitaka kufukua pembeni mwa mojawapo ya nguzo ili aone zege lake limekwenda chini kiasi gani, na alitaka kubandua kipande cha kifuniko cha ukuta pale deki iliposhikana na nyumba. Bei yake, alipoileta baada ya siku chache, ilizidi ya mwenzake kwa zaidi ya nusu. Mwenye nyumba aliona kwamba huyu wa pili anatafuta kazi isiyokuwepo, na ni rahisi kuelewa kwa nini aliona hivyo, kwa sababu deki ilikuwa imesimama miaka mingi bila kutikisika na watu zaidi ya ishirini walikwisha kuikusanyikia siku ya mahafali bila lolote kutokea.

Kilichofukuliwa chini ya nguzo ya katikati ndicho kiini cha kisa hiki. Zege lilikuwa mcheduara wenye kipenyo cha inchi 8, na liliishia inchi 24 hivi chini ya ardhi. Kanuni za ujenzi za Minnesota zimeligawa jimbo katika kanda mbili: katika kaunti za kaskazini msingi sharti uende angalau inchi 60, na katika kaunti za kusini, ikiwemo Hennepin iliko Brooklyn Park, angalau inchi 42. Vipimo hivyo vinatokana na baridi. Joto la usiku wa Januari huko huweza kushuka hadi nyuzi 20 za selsiasi chini ya sifuri na zaidi, na udongo huganda kuanzia juu kwenda chini kwa wiki nyingi mfululizo. Maji yaliyomo udongoni yanapoganda hayatulii. Barafu huendelea kuvuta maji kutoka tabaka za chini ambazo bado hazijaganda, ikajipanga kwa tandiko nyembamba zinazonenepa siku hadi siku, hasa katika udongo wa tope laini na wa mfinyanzi, na kuinua chochote kilichokaa juu yake. Msingi unaoishia inchi 24 umesimama katikati ya tabaka hilo linalotutumka. Msingi unaofika inchi 42 umekanyaga udongo ambao kwa kawaida haugandi.

Hapo mwenye nyumba aliuliza swali la haki kabisa: kama ni hivyo, deki ilisimamaje muda wote huo? Jibu ni kwamba haikusimama tuli. Ilipanda na kushuka kila mwaka, na kila nguzo kwa kiasi chake, ila deki ni kitu chenye kusamehe. Mbao zake zimeachiana nafasi, misumari hulegea kidogo, ukuta wa kujishikia huyumba kidogo, na hakuna anayeona tofauti ya nusu inchi kwenye sakafu ya nje. Kuta zenye madirisha hazina msamaha huo. Nguzo moja ikiinuka nusu inchi na jirani yake ikabaki, fremu ya dirisha inapoteza umbo la mraba, kidirisha kinakwama, mlango unakwaruza sakafu, na pale paa la kibaraza linapokutana na paa la nyumba panafunguka ufa ambao maji ya Aprili hayawezi kukosa kuuona.

Uzito ni shida ya pili, nayo ilihesabika mezani kwa kalamu na karatasi. Kwa kaunti za kusini mwa jimbo, theluji ya ardhini hukadiriwa kuwa paundi 50 kwa kila futi ya mraba, na paa la nyumba ya makazi huhesabiwa kwa asilimia 70 ya kiasi hicho, yaani paundi 35. Deki ya futi 14 kwa 12 ina futi za mraba 168, hivyo paa lenye ukubwa huohuo lingebeba theluji ya paundi 5,880, ambazo ni zaidi ya kilo 2,600. Ongeza watu na samani, ambao hukadiriwa kwa paundi 40 kwa kila futi ya mraba ya sakafu. Nusu ya mzigo wote huo inakwenda kwenye ukuta wa nyumba na nusu kwenye boriti ya nje, na katika boriti inayokaliwa na nguzo tatu, ile ya katikati hubeba nusu ya mzigo au zaidi. Nguzo hiyo moja, kabla hata ya kuhesabu mbao, madirisha na vigae vya paa, ingepaswa kustahimili zaidi ya paundi 3,100. Duara la inchi 8 lina eneo la takriban thuluthi moja ya futi ya mraba, na udongo wa mfinyanzi ambao haujapimwa na mtaalamu huruhusiwa kubebeshwa paundi 1,500 kwa futi ya mraba. Maana yake ni kwamba zege lile lilikuwa na haki ya kubeba paundi 520 hivi. Sijui hesabu nyingine katika ujenzi wa nyumba ndogo inayomaliza ubishi upesi kuliko hii, na inashangaza kwamba mkandarasi wa kwanza, aliyekuwa na leseni, hakuifanya.

Ukutani nako mambo hayakuwa mazuri. Kifuniko cha vinaili, ambayo ni aina ya plastiki, kilipobanduliwa, ilionekana kwamba ubao unaoshikilia deki kwenye nyumba ulikuwa umepigiliwa misumari tu, wala hapakuwa na bati la kuzuia maji juu yake. Kwa miaka yote hiyo mvua na theluji inayoyeyuka ilikuwa ikipenya nyuma ya ubao huo na kulowesha boriti ya ukingo wa sakafu ya nyumba yenyewe. Bisibisi ilizama ndani ya boriti hiyo kwa urefu wa kidole, katika sehemu iliyo chini kabisa ya mlango wa kioo wa kuteleza, ambako ndiko maji yalikuwa yakidondokea. Deki zinazoporomoka na watu wakiwa juu yake mara nyingi huanzia mahali kama hapa, msumari unapochomoka polepole kutoka kwenye mbao iliyooza. Kuongeza paa la theluji juu ya kiungo cha namna hiyo kungekuwa hatari kwa watu, achilia mbali kiungo chenyewe.

Kwa hiyo uamuzi wa kubomoa deki yote ulifikiwa, na hapa familia ilipata faida ambayo haikuitarajia. Tangu mwanzo hakuna aliyekuwa ameuliza kuhusu dirisha la chumba cha kulala cha mgeni, chumba anacholala mama, ambacho kiko kwenye kona ya nyuma ya nyumba. Deki ya futi 14 ilipita chini ya dirisha hilo. Deki iliyo wazi haina neno, kwa kuwa mtu akiruka kutoka dirishani anatua nje, lakini deki ikifungwa dirisha hilo linakuwa linafungukia ndani ya chumba kingine. Kanuni zinataka kila chumba cha kulala kiwe na tundu la kujiokolea moto linalofungukia uwanjani moja kwa moja, lenye uwazi halisi wa futi za mraba 5.7, kimo kisichopungua inchi 24, upana usiopungua inchi 20, na kizingiti kisichozidi inchi 44 kutoka sakafuni. Mpango wa mkandarasi wa kwanza ungemfungia bibi mwenye umri mkubwa njia yake ya pekee ya kutoka endapo moto ungeanzia ukumbini. Jambo hili pekee lingetosha kuunyima mchoro wake kibali, na naamini ndiyo sababu alikuwa amependekeza kwa sauti ya chini kwamba kibali hakina haja.

Kwa kuwa hakuna nguzo ya zamani iliyobaki, hapakuwa na sababu ya kuheshimu vipimo vya zamani. Kibaraza kipya kilipunguzwa kikawa futi 12 kandokando ya ukuta, kikasogezwa upande wa jikoni, na dirisha la chumba cha mama likabaki wazi kuelekea uwanjani. Misingi mitatu mipya ilichimbwa hadi inchi 42 na kupanuliwa chini kama guu la tembo, kipenyo cha kitako kikiwa inchi 28. Kabla ya kuchimba, nambari 811 ilipigwa ili mashirika ya gesi, umeme na simu yaje kupiga rangi juu ya nyasi mahali nyaya na mabomba yao yanapopita, huduma ambayo haitozwi chochote na ambayo inafaa hata kwa mtu anayejichimbia mwenyewe kwa mikono. Mkaguzi wa manispaa alikuja kutazama mashimo kabla zege halijamwagwa, akarudi wakati mifupa ya mbao iko wazi, na akaja mara ya mwisho kazi ilipokamilika. Boriti ya ukingo iliyooza ilikatwa na kubadilishwa, kisha ubao mpya ukafungwa kwa boliti za nusu inchi na kufunikwa kwa bati lililopandishwa nyuma ya kifuniko cha ukuta.

Mbao za zamani zilizua mjadala wao. Mwenye nyumba alikusudia kuzikatakata ziwe kuni za nyama choma, akiona ni hasara kuzilipia gari la taka. Mbao zilizotiwa dawa na kuuzwa kwa matumizi ya nyumbani nchini Marekani kabla ya mwisho wa 2003 kwa kawaida zilitiwa dawa yenye aseniki, na moshi na majivu yake ni sumu. Zilipelekwa dampo. Mbao mpya zina dawa nyingine inayotegemea zaidi shaba, ambayo haina aseniki lakini hula chuma cha kawaida, kwa hiyo kila boliti, skrubu na kishikio kililazimika kuwa cha chuma kilichochovywa katika zinki ya moto au kisichoshika kutu. Ni jambo dogo kwenye ankara, na fundi mvivu hulipuuza kwa sababu kutu haionekani siku ya kukabidhi kazi.

Paa liliwapa kazi kuliko walivyodhani. Wengi hufikiria paa la mgongo mmoja linaloanzia chini ya ukingo wa paa la nyumba na kuteremka kuelekea uwanjani. Katika nyumba hii ukingo huo ulikuwa futi saba na nusu tu juu ya sakafu, na vigae vya lami havitakiwi kuwekwa kwenye mteremko ulio chini ya inchi 2 kwa kila inchi 12. Kwa futi 12 za kutoka ukutani, mteremko mdogo kabisa ungeshusha paa inchi 24, na mtu angelazimika kuinama kwenye madirisha ya mbele kama anayeingia kwenye banda la kuku. Ilibidi lijengwe paa la migongo miwili lililoingizwa ndani ya paa la nyumba, likiwa na boriti ya kilele iliyolala upande mmoja juu ya nguzo ya katikati ya ukuta wa mbele. Lina dari ya juu na nafasi ya kupumua, lakini pia lina makutano mawili ambako theluji ya paa kubwa huteremkia na kurundikana. Ndiyo maana utando wa kunata wa kuzuia maji ulitandazwa chini ya vigae katika makutano yote, si kwenye kingo pekee, na ndiyo maana mhandisi alizihesabia mbao za hapo mzigo mkubwa zaidi ya ule wa paundi 35.

Mke wa mwenye nyumba alitaka paa la kioo na kuta za kioo kutoka sakafuni hadi juu, kama alivyoona kwenye picha. Nilipopata nafasi ya kutoa maoni nililipinga paa la kioo, na ningelipinga tena. Brooklyn Park iko karibu kabisa na latitudo ya 45 kaskazini, na adhuhuri ya mwishoni mwa Juni jua husimama nyuzi 68 hivi juu ya upeo. Kioo cha juu wakati huo hugeuza chumba kuwa tanuri, na jioni ikifika jua lilelile linaingia kwa ubavu kutoka magharibi hadi karibu saa tatu usiku. Paa lenye vigae na ukingo uliotokeza hukata jua la mchana. Kwa jua la jioni, ambalo hakuna ukingo unaoweza kulizuia, dawa ni upepo.

Kuhusu kuta, aliyemaliza mjadala ni mama mwenyewe. Alipoonyeshwa mchoro kwa simu ya video alimwambia mwanawe, “Mwanangu, niketi ndani ya kioo kitupu hadi miguuni ili majirani wanitazame nikila? Niwekeeni ukuta nijifiche kidogo.” Bila kujua, alikuwa amesema linalosemwa na kanuni. Sakafu iliyo zaidi ya inchi 30 juu ya ardhi inahitaji kizuizi cha inchi 36 cha kuzuia watu wasianguke, na wavu wa mbu hauhesabiwi kuwa kizuizi. Chumba ambacho madirisha yake yanafunguka na kubakiza wavu peke yake kilihitaji ama vyuma vya kujishikia ndani ya kila dirisha, ama ukuta mfupi. Ukuta wa inchi 36 ulichaguliwa, na mtu aliyeketi kitini bado anaona bustani yote. Faida nyingine ni kwamba kioo kikubwa ambacho ukingo wake wa chini uko chini ya inchi 18 kutoka sakafuni kwa kawaida hudaiwa kuwa cha usalama, na bei yake si haba. Ukuta mfupi uliliondoa sharti hilo kila mahali isipokuwa jirani na mlango.

Madirisha yenyewe hatimaye hayakuwa ya kioo. Zilichaguliwa fremu zenye vipande vinne vya vinaili angavu vinavyoteleza wima na kupandana, ambavyo vikishushwa vyote huacha uwazi wa asilimia 75, ilhali dirisha la kawaida la kuteleza huacha nusu. Vinaili hukwaruzika, hukakamaa kwenye baridi na haizuii joto kutoka hata kidogo. Kwa chumba cha kukaa Mei hadi Oktoba, uwazi una thamani kubwa kuliko kuzuia joto, na mvua ya radi ikija vipande hupandishwa kwa dakika moja bila mtu kuondoka na kikombe chake cha chai.

Hapo ndipo palipozuka ubishi mkubwa wa kisa hiki, kati ya mwenye nyumba na mkandarasi, kisha kati yake na mkewe. Mwenye nyumba alisema kwamba kwa fedha zote hizo chumba lazima kitumike mwaka mzima, na akataka kiwekewe hita ya umeme ukutani. Viwango vinavyotumika Marekani vinavitenganisha vyumba vya aina hii kwa madaraja matano, kuanzia kile chenye wavu au plastiki nyembamba tu hadi kile kilichounganika na nyumba na kupashwa joto pamoja nayo, na kuvuka kutoka madaraja ya chini kwenda la nne hakufanywi kwa kuongeza hita. Sakafu ya kibaraza hiki inaning’inia hewani na upepo wa Januari unapita chini yake. Kuta zake hazina sufi ya kuzuia baridi, na madirisha yake ni karatasi. Hita ingekula umeme usiku kucha na mtu angebaki na koti. Baya zaidi ni jambo ambalo familia nyingi hulifanya bila kujua: kuuacha wazi mlango wa kutoka jikoni ili joto la nyumba “lisaidie” kibaraza. Hewa ya jikoni, yenye mvuke wa sufuria ya ugali na wa sahani zinazooshwa, ikifika kwenye madirisha yaliyo baridi inageuka maji, maji yanageuka barafu, na barafu ikiyeyuka inachuruzika ndani ya mbao za ukuta mfupi. Kwa sababu hiyo mlango kati ya nyumba na kibaraza uliachwa kuwa mlango wa nje kamili, wenye kufuli na mpira wa kuziba upepo, na ukuta wa nyumba nyuma yake haukuguswa.

Naona mwenye nyumba alikosea swali. Chumba hiki kilijengwa kwa ajili ya mtu ambaye hayupo Minnesota wakati wa baridi, na miezi yake sita ya viza inalingana na misimu mitatu ya kibaraza karibu wiki kwa wiki. Kukitaka kifanye kazi Januari ni kukigharamia kwa ajili ya miezi ambayo familia yenyewe, mke akiwa muuguzi wa zamu ya usiku na watoto wakiwa shuleni, haina muda wa kukikalia.

Yaliyobaki yalikuwa ya makaratasi, ingawa yana meno. Deki iliyo wazi mara nyingi huruhusiwa kukaribia mpaka wa kiwanja kuliko jengo lililofungwa, hivyo ramani ya kiwanja ilipimwa upya ili kuthibitisha umbali wa nyuma. Leseni ya mkandarasi ilihakikiwa katika Idara ya Kazi na Viwanda ya jimbo, na hilo lina uzito kwa sababu mteja aliyedhulumiwa na mkandarasi mwenye leseni anaweza kuomba fidia katika mfuko maalumu wa jimbo, lakini aliyemtumia asiye na leseni hana pa kwenda. Kila malipo yalitolewa kwa kubadilishana na hati ya kusamehe madai, kwani muuza mbao au fundi mdogo ambaye hakulipwa na mkandarasi anaweza kuishika nyumba yenyewe kama dhamana, na sheria ya Minnesota humpa siku 120 tangu kazi au bidhaa yake ya mwisho ili kuwasilisha dai hilo.

Mwenye nyumba alitarajia pia kwamba nyumba “ingekua” kwa futi za mraba 144 siku ya kuiuza. Haitakua. Kipimo ambacho Fannie Mae, kampuni kubwa ya Marekani inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa mabenki, imekitaka kwa wathamini tangu Aprili 2022 hakijumlishi nafasi isiyopashwa joto katika eneo la kuishi, na kibaraza kitaandikwa kwenye mstari wake peke yake kikiwa na thamani iliyo ndogo kuliko gharama yake. Mthamini wa kodi wa manispaa, kwa upande wake, hatakisahau.

Kibaraza kilikamilika mwishoni mwa Septemba, na mama alikikalia wiki chache kabla ya kurudi Kisii. Baridi ya kwanza ilipopita, mkandarasi alirudi Aprili na kukagua mambo matatu: kama mlango wa kutokea uwanjani unafungwa bila kukwaruza, kama kuna doa la maji kwenye dari chini ya makutano ya paa, na kama pengo kati ya ukuta wa kibaraza na ule wa nyumba limebadilika. Mlango ulifungwa, dari ilikuwa kavu, na pengo lilikuwa lilelile. Hita haikuwekwa, ila fundi umeme aliacha bomba tupu la kupitishia waya ndani ya ukuta mfupi, kwa gharama ndogo, kwa kuwa mwenye nyumba hajakubali kushindwa. Siku atakapokubaliwa na mkewe, kazi itaanza na kibali kipya, ifuate kuziba sakafu kwa chini na kuijaza sufi, halafu kung’oa madirisha yote na kuweka ya kioo cha tabaka mbili. Misingi haitahitaji kuguswa.